Kilo za Mama Mkwe

Mtu akikwambia kunyoosha tairi za gari ni kazi ya kutazama namba kwenye skrini na kukaza nati, mwache na yake. Huyo hajamwona Nyoosha akiwa kazini. Kwenye gereji yenye geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, wenzake hugonga nyundo, hupaka rangi, hubishana habari za mpira. Yeye hulala chali chini ya gari, spana kifuani, kimya. Gari likitoka pale haliendi kombo, na mwenyewe anajua kwamba haliendi kombo, na hutembea kama mtu anayejua.

Jina alilopewa na wazazi wake wengi pale gereji wamelisahau. Ni Nyoosha tu, hata kwenye simu za wateja. Ana miaka thelathini na minane, na ni mwembamba kiasi kwamba mwenzake mmoja, fundi mpaka rangi, humtania kuwa akisimama upande hapati kivuli. Kazi yake ni moja: kuhakikisha tairi nne zinatazama zinakotakiwa kutazama. Tairi ikitazama ndani kupita kiasi italika kama kipande cha sabuni. Ikilala upande, gari litavuta, na gari likivuta dereva hupigana na usukani safari nzima, akafika hoi asijue kachoshwa na nini. Kwa miaka kumi na moja hakuna gari lililowahi kurudi kwa Nyoosha na lalamiko. Hilo hulisema mwenyewe bila kuulizwa, tena mara nyingi, na sisi tunaomjua tumeshazoea.

Mtu mmoja tu katika mji mzima alikuwa hajaridhika naye, na mtu huyo alikuwa mama mkwe wake.

Mama huyu wote humwita Mwalimu. Kwa miaka thelathini na miwili alifundisha watu kuendesha magari, akikaa kiti cha abiria na mguu wake juu ya breki ya ziada, miwani kwenye ncha ya pua. Mahakimu, wauguzi, wauza vyuma chakavu, wote walipita mikononi mwake, na wote waliambiwa kwa sauti ileile: umekosea, rudia. Siku Nyoosha alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, aliegesha gari nje ya nyumba, akaingia ndani na koti la kuazima. Mwalimu alimkaribisha vizuri, akampa kiti, kisha akatoka nje mara moja. Aliporudi alitaarifu kwamba tairi ya nyuma iko shibiri nzima kutoka ukingo wa barabara.

Posa ilikubaliwa hata hivyo. Wajukuu wawili wakazaliwa, miaka saba ikapita, na katika miaka hiyo yote Mwalimu hakumwita mkwe hata siku moja. Alimwita Fundi, kama mtu aliyepigiwa simu aje kuzibua bomba. Binti alimpa, gari hakumpa. Magari yake yalikwenda kwa fundi wa ng'ambo ya reli, mwanafunzi wake wa zamani, mwenye gereji ya vioo na mapokezi yenye maua ya plastiki. Hilo lilimkata maini Nyoosha kuliko alivyokubali kusema.

Kisha Mwalimu akastaafu, akajinunulia gari la spoti. Watu walisema amechanganyikiwa. Yeye alisema miaka thelathini na miwili amekaa kiti cha abiria, sasa ni zamu yake. Lilikuwa gari la viti viwili, rangi ya limau, limelala chini hata kuingia ndani ilibidi ujikunje kwanza. Lilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na springi zake zilikuwa zimechoka. Mwalimu akaagiza seti mpya ya springi na shokapu, zile za kurekebishwa, ambazo kila pembe ya gari unaweza kuipandisha au kuishusha kwa kuzungusha duara la chuma. Akampigia fundi wa ng'ambo ya reli, akaambiwa foleni imejaa mpaka mwezi ujao. Na mwezi ujao haukuwepo, kwa sababu wanafunzi wake wa zamani walikuwa wamempangia hafla ya kumuaga Jumapili ya wiki iliyofuata, kwenye kiwanja kilekile alichowafundishia. Yeye angetangulia na gari lake na wao wangefuata nyuma kwa msururu.

Mke wa Nyoosha ni mwanamke asiyemung'unya maneno. Alimwuliza mama yake kama mtu mwenye kisima uani huenda kuomba maji kwa jirani. Kesho yake asubuhi gari la limau likaingia geti la bluu.

Mwalimu alishuka taratibu, akakabidhi ufunguo, akatoa na sharti.

"Ile barabara ya kiwanda cha zamani imenyooka na haina watu," alisema. "Nitaendesha sitini, nitaachia usukani, nitahesabu mpaka kumi. Likitoka kwenye mstari kabla ya kumi, Fundi, nalipeleka ng'ambo ya reli hata kama ni kwa kupiga magoti. Tusilaumiane."

Nyoosha alijibu sawa, Mama. Moyoni alijua maana ya maneno yale. Yule fundi wa ng'ambo ya reli atakuwepo Jumapili, na nusu ya mji itakuwepo. Wakisikia kwamba mkwe alishindwa na gari la mama mkwe wake mwenyewe, ile miaka kumi na moja ya kutembea kifua mbele itakuwa imekwisha, na nyumbani ataitwa Fundi mpaka azikwe.

Alifanya kazi siku mbili, na aliifanya kwa ustadi. Alifunga springi na shokapu mpya. Bushi, zile raba za kwenye maungio, hakuzikaza gari likiwa linaning'inia kwenye jeki, kama wafanyavyo wenye haraka, bali alilishusha kwanza lisimame kwa miguu yake. Alijaza tangi nusu na kupima upepo wa tairi. Kisha akalisogeza juu ya mizani zake nne za bapa, moja chini ya kila tairi, mizani alizozinunua kwa timu ya mashindano iliyovunjika na ambazo hamwazimi mtu.

Hapo ndipo palipo na siri ya kazi ile. Lori halijui nani kalikalia. Hata gari la kawaida la nyumbani halijali sana. Lakini gari dogo, jepesi, lenye springi ngumu, linamjua mtu aliye kitini, na usipolipima naye utakuwa umepima gari la mtu mwingine. Kwa hiyo Nyoosha huweka mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva, kilo kwa kilo na mwenye gari. Kila mteja humwuliza uzito wake. Wengine hutia chumvi, wengine hupunguza. Yeye huwatazama mara moja kutoka juu mpaka chini, akarekebisha kimoyomoyo.

Sasa mama mkwe hatazamwi hivyo. Mama mkwe haulizwi kilo zake. Nyoosha aliona afadhali ameze spana.

Alimwuliza mkewe, naye akacheka mpaka akakaa. Alipomaliza kucheka alisema sabini. Ndivyo mama anavyojaza kwenye fomu ya leseni, alisema, na ndivyo alivyojaza tangu yeye binti yuko shule ya msingi. Hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba yule mtoto wa shule ya msingi sasa ana watoto wawili. Nyoosha akapakia mifuko mitatu, ishirini na tano, ishirini na tano na ishirini. Akazungusha yale maduara ya springi robo kwa robo mpaka pembe zikakubaliana, akanyoosha tairi, akaenda kulijaribu mwenyewe, na mfuko mdogo mapajani kufidia wembamba wake. Aliachia usukani akahesabu mpaka kumi na mbili. Gari lilikuwa limenyooka kama rula. Alirudi gereji akipiga mluzi.

Siku ya Jumanne Mwalimu alikwenda na gari lake peke yake, naye Nyoosha akabaki kando ya barabara pamoja na mpaka rangi, aliyejialika kuwa shahidi. Gari lilienda, likageuza, likarudi. Kioo kikashuka.

"Nne," alisema Mwalimu. "Linavuta upande wa abiria. Una mpaka Jumamosi, Fundi."

Njia nzima ya kurudi mpaka rangi alimliwaza kwa namna yake. Alisema mama wa watu ametafuta sababu miaka saba na leo ameipata. Nyoosha alijitia hasikii, lakini neno lilimwingia. Alirudisha gari juu ya mizani, akapima upya mara tatu. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akaendesha tena, likanyooka tena. Jumatano jioni alimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba anaogopa mama anamsingizia. Mkewe hakucheka safari hii.

"Mama ana kiburi," alisema. "Uongo hana."

Alhamisi Mwalimu alipita gereji kuchukua miwani yake ya akiba, aliyoisahau kwenye kijisanduku cha mbele ya abiria. Hakutaka kuletewa. Alijikunja, akaketi kwenye kiti cha dereva, akaanza kupekua. Nyoosha alikuwa amechuchumaa kwenye tairi ya mbele upande uleule, vidole vyake vimepachikwa kwenye upenyo kati ya tairi na madigadi, kama anavyopima siku zote. Mifuko ikiwa kitini, vidole vitatu vilikuwa vinapita pale. Mama mkwe alipoketi, kidole cha tatu kilibanwa. Alipotoka, kikaachiwa.

Nyoosha alibaki amechuchumaa. Mwalimu hakuwa amemsingizia chochote. Pembe ile ilizama zaidi alipokaa, tairi ikalala zaidi, na gari likaenda upande wa pili kama lilivyopaswa kwenda. Fomu ndiyo iliyodanganya. Alikuwa amelipima gari kwa ajili ya mama wa miaka ishirini iliyopita.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakusema umwambieje mama mkwe wako. Angeweza kuongeza mfuko kimyakimya, kilo ishirini, au thelathini, apige ramli. Lakini kubahatisha ndiko kulikomfikisha pale, na yeye si mtu wa kubahatisha. Alinyanyuka, akajifuta mikono, akatazama kiatu cha Mwalimu badala ya uso.

"Mama, naomba kesho uje tulipime ukiwa umekaa mwenyewe."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Mifuko ya mchanga ina nini?"

"Haikuwa sawa."

"Nani aliikosea?"

Angeweza kumtaja mkewe. Angeweza kutaja ile fomu, na pengine angekuwa na haki. "Mimi," alisema. "Sikuuliza."

Mwalimu aliitia miwani ya akiba mkobani. Hakuwa mjinga, na aliyemwambia hakuwa mjinga, na wote wawili walijua kilichokuwa kinazungumzwa. Mtu aliyewaambia maelfu kwamba wamekosea warudie, sasa alikuwa anaambiwa yeye, tena kwa adabu kiasi cha kukosa pa kukasirikia. Aliuliza saa ngapi. Nyoosha akasema saa saba, wenzake wakienda kula.

Ijumaa saa saba alilifunga geti la bluu kwa ndani. Mpaka rangi aligoma kuondoka hadi aliposukumwa. Kwenye skrini ya mizani namba huwa tano: nne za pembe, na chini yake jumla. Ile ya jumla Nyoosha aliiziba kwa selotepu, tabaka mbili. Mwalimu alipofika aliiona selotepu, akajikunja, akaketi, akashika usukani kwa mikono miwili kama anavyofundisha.

Wako wakwe waliokaa sebule moja na mama wakwe zao miaka arobaini wasiseme la maana zaidi ya shikamoo. Hawa wawili walizungumza saa moja na nusu, mmoja ndani ya gari na mwingine chini yake. Mwalimu aliuliza anazungusha nini. Nyoosha alieleza kwamba akiinua pembe moja, ile inayotazamana nayo kwa mshazari nayo inabeba zaidi, kama meza yenye mguu mrefu. Mwalimu aliuliza maswali ya mtu anayejua magari, na Nyoosha aligundua kwamba anapenda kuulizwa. Kisha Mwalimu akahadithia jinsi mwanafunzi wake wa kwanza mwanamume alivyoshuka kwenye makutano ya kwanza, akarudi kwa miguu, akisema hawezi kufundishwa na mwanamke. Mwaka uliofuata alirudi. Mwalimu alimfelisha mara mbili, na akaapa kwamba zote mbili alistahili. Nyoosha alimsikia akicheka huko juu.

"Mama, usicheke," alisema kutoka chini. "Ukicheka namba zinacheza."

Ndiyo kwanza akacheka zaidi, na ikabidi wasubiri springi zitulie.

Kazi ilipokwisha Mwalimu alitoka, akanyoosha gauni lake, akaitazama skrini. Aliuliza ni ngapi, kama anayeuliza saa.

"Mimi nasoma pembe nne tu, Mama," alijibu Nyoosha. "Kujumlisha si kazi yangu."

Mwalimu alimtazama kidogo, akaondoka. Kwenye daftari lake, penye nafasi ya uzito wa dereva, Nyoosha aliandika: alikaa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi walikutana tena barabara ya kiwanda cha zamani. Mwalimu alimwambia apande. Nyoosha alikataa, akasema gari limepimwa kwa mtu mmoja, wakiwa wawili watalidhulumu. Kwa hiyo alisimama kando na mkewe, roho juu. Gari la limau lilikuja kwa mngurumo, viganja vya Mwalimu vimeinuliwa juu ya usukani bila kuugusa, midomo inahesabu. Likapita. Nyoosha naye alikuwa anahesabu kwa sauti bila kujijua, na alipofika kumi mkewe alimfinya mkono, na alipofika kumi na tatu akamfinya tena. Gari lilikuwa bado liko kwenye mstari, linazidi kuwa dogo.

Liliporudi lilisimama ngumi moja kutoka ukingoni.

"Kumi na saba," alisema Mwalimu.

Binti yake aliuliza kwa nini aliishia hapo.

"Barabara iliisha." Kisha akamgeukia Nyoosha. "Ahsante, Fundi."

Siku ile furaha ilimsahaulisha Nyoosha chakula. Aliwahadithia mpaka rangi, mlinzi wa kiwanda cha magodoro, na mtu mmoja aliyekuja kuulizia choo. Ila lile neno la mwisho halikumshuka vizuri. Kumi na saba, na bado ni Fundi.

Jumapili kiwanja kilijaa. Magari arobaini na kitu yaliingia kwa msururu nyuma ya gari la limau, na wanafunzi wa zamani, wengine wameshaota mvi, walilizunguka wakilisifia. Fundi wa ng'ambo ya reli alikuwepo, shati jeupe, mikono safi. Alichuchumaa, akachungulia madigadi, akagusa duara la springi kwa kidole kimoja. Kisha akasimama, akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote kitini ziliwekwa kilo ngapi.

Nyoosha alikuwa nayo ile namba. Hakuna mtu wa mizani anayeona namba nne asizijumlishe, hata aapeje. Watu walikuwa wanamtazama. Jibu moja tu lingetosha kumziba mdomo yule bwana.

"Hiyo ni siri ya gari," alisema.

Fundi mwenzake alicheka. Alisema fundi akikosa jibu husema siri, na kwamba gari likinyooka bila hesabu hiyo huitwa bahati, na bahati haina cheti. Baadhi ya watu nao walicheka, kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha. Nyoosha alitazama chini, akakunja vidole.

Mwalimu alikuwa hatua chache kutoka pale, glasi ya maji mkononi. Aliiweka glasi juu ya boneti ya gari la mtu. Alipofungua mdomo ilikuwa sauti ileile iliyojaza kiwanja kile miaka thelathini na miwili.

"Tisini na nne na nusu," alisema.

Watu waligeuka.

"Ndizo kilo zangu. Jana nilipanda mizani ya duka la dawa, nikavua hata saa. Mkwe wangu alinipima nikiwa nimekaa ndani, pembe kwa pembe, na namba akaiziba ili nisione haya, na leo amekubali achekwe kuliko kuitaja." Aligeuka akamtazama fundi wa ng'ambo ya reli juu ya miwani. "Sasa wewe, mwanafunzi wangu. Ningekuletea gari hili, ungeweka kilo ngapi?"

Yule bwana aliitazama tena ile springi. Akasema sabini, Mwalimu, ndizo zilizoko kwenye fomu yako pale kwangu.

"Umekosea," alisema Mwalimu. "Rudia."

Kiwanja kizima kiliangua kicheko, hata yule fundi mwenyewe mwishowe alicheka. Nyoosha hakucheka. Alikuwa amemshika mkewe mkono, anamwuliza kwa kunong'ona kama na yeye amesikia, kama kweli mama amesema mkwe wangu, na mkewe akamwambia amesikia, wote wamesikia, sasa afute macho kabla watu hawajamwona.